DARASA LA WATU 60, VISU 10: KILA MTU AJIFUNZE KAZI

Na Bwana Shamba



Katika vijiji vyetu watu wengi wanajifunza kazi za mikono. Wengine wanajifunza useremala. Wengine wanajifunza kushona nguo, kufuga nyuki, au kubebesha miche ya matunda. Mafunzo haya hufanyika chini ya mti, katika ofisi ya kijiji, au chuoni. Mara nyingi mwalimu ni mmoja, wanafunzi ni wengi, na vifaa ni vichache.

Pengine wewe ni mwanafunzi katika darasa kama hilo. Pengine wewe ni fundi, na vijana wanakuja kwako kujifunza. Au pengine kikundi chako kimekuchagua uende kujifunza, kisha urudi kuwafundisha wenzako. Makala haya ni yako.

Swali letu ni hili. Watu hawafanani. Mmoja akiambiwa mara moja, ameshika. Mwingine mpaka aone kwa macho. Mwingine haelewi mpaka mkono wake uguse. Je, mwalimu mmoja atawafundishaje watu 60 wa namna hiyo?

HESABU YA DAKIKA 2

Tuanze na hesabu. Tuseme darasa lina watu 60. Mwalimu ana muda wa saa mbili kwa mazoezi, yaani dakika 120. Anataka kumsimamia kila mtu mmoja mmoja. Gawanya 120 kwa 60. Kila mtu atapata dakika 2 tu. Watu 59 watakaa wakimtazama mmoja.

Nini hutokea? Walio mbele wanaona. Walio nyuma wanaona migongo ya walio mbele. Vijana wenye nguvu wanakishika kisu kwanza. Akina mama wenye watoto mgongoni wanakaa pembeni. Mzee asiyeona vizuri anatikisa kichwa kama ameelewa. Mwisho mwalimu anauliza: "Mmeelewa?" Wote wanajibu: "Ndiyo!" Kisha wanakwenda nyumbani.

Wiki chache baadaye miche inakauka. Mtu anatazama miche yake iliyokufa na kusema, "Mimi sina mkono wa kazi hii." Harudi tena. Hiyo ni hasara kubwa kuliko miche. Kijiji kimempoteza mtu ambaye angeweza kuwa fundi. Tena kimempoteza kwa sababu ya dakika 2.

JE, MTU HUZALIWA NA NJIA MOJA YA KUJIFUNZA?

Watu wengi husema kwamba kila mtu ana njia yake ya kujifunza. Mwaka 1992, huko New Zealand, mwalimu aitwaye Neil Fleming alieleza njia 4 ambazo watu hupendelea. Njia hizo ni kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Mawazo kama hayo yalienea katika nchi nyingi. Walimu wengine wakaanza kuwagawa wanafunzi. Huyu ni wa kusikia, basi na asikilize. Huyu ni wa kuona, basi apewe picha.

Jambo hili lilichunguzwa. Mwaka 2008, wataalamu 4 wa Marekani walitoa maelezo yao. Walitafuta ushahidi kwamba mtu akifundishwa kwa njia moja anayoipenda, hujifunza zaidi. Hawakupata ushahidi wa kutosha. Walikubali kwamba watu wana mapendeleo. Lakini mapendeleo hayo hayakuonyesha kwamba mtu afundishwe kwa njia hiyo tu.

Fikiri hivi. Mtu anaweza kupenda chai kuliko uji. Hilo ni pendeleo lake. Lakini siku ya kulima, uji ndio utakaomfikisha saa sita mchana. Kupenda kitu ni jambo moja. Kukufaa ni jambo lingine.

Tena kazi yenyewe husema ijifunzwe vipi. Wimbo hujifunzwa kwa sikio. Ramani hujifunzwa kwa macho. Kisu hujifunzwa kwa mkono. Hata kama mtu anapenda sana kusikiliza, hatajua kuchonga kwa kusikiliza tu. Wazee wetu walilijua jambo hili. Walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto wa mfua vyuma, kama bado hajui kufua, hushika mivukuto. Hakuachwa akae pembeni atazame tu. Alipewa kazi ya mkono tangu mwanzo.

Kuwagawa watu kwa majina ya namna hii kuna hatari. Ukisema, "Huyu hajui kusoma, basi asikilize tu," umemnyima kisu. Ukisema, "Akina mama hawa waangalie tu," umewanyima kisu. Mwisho wa mafunzo, walionyimwa kisu ndio wasioweza kazi. Kisha tunasema hawakuwa na akili ya kujifunza. Huo si ukweli.

Basi tuseme wazi. Usichague njia moja kwa kila mtu. Mpe kila mtu njia zote. Asikie, aone, asome, atende, kisha aeleze mwenyewe.

TOFAUTI ZILIZO ZA KWELI

Hatusemi kwamba watu wote ni sawa. Zipo tofauti za kweli, na mwalimu lazima azijue. Hizi ni baadhi.

Kwanza, watu hawaanzi mahali pamoja. Mtu aliyezoea kuchonga mipini ya majembe anajua kutumia kisu. Mwingine hajawahi kuchonga kitu. Waulize kabla ya kuanza.

Pili, macho na masikio hutofautiana. Wazee wengi hawaoni vizuri kitu kilicho karibu. Waweke penye mwanga mzuri. Asiyesikia vizuri akae mbele.

Tatu, wengine hutumia mkono wa kushoto. Visu vingine vya kubebeshea vimenolewa upande mmoja tu, kwa ajili ya mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kushoto akikitumia, kinakwenda kombo. Si kosa lake. Mpe kisu kilichonolewa pande mbili.

Nne, muda. Mama mwenye watoto hawezi kukaa mpaka jioni. Mafunzo yakianza kwa kuchelewa, yeye ndiye atakayekosa sehemu ya vitendo, maana vitendo huja mwisho. Anza kwa wakati. Tena anza vitendo mapema.

Tano, woga. Mtu mzima huona haya kukosea mbele ya watoto wake na majirani. Akichekwa mara moja, hatajaribu tena. Mwalimu asiruhusu kicheko cha namna hiyo.

TUCHUKUE MFANO: KUBEBESHA MICHE YA MIEMBE

Sasa tuone jinsi ya kufanya. Tutachukua kazi ya kubebesha miche ya miembe. Hata kama unafundisha ushonaji au useremala, utaona kwamba njia ni ile ile.

Kubebesha ni kuunganisha sehemu mbili za miti ya aina moja. Sehemu ya kwanza ni mche wa chini. Huu ni mwembe uliooteshwa kwa kokwa. Uwe umefikia unene wa penseli. Sehemu ya pili ni kikonyo. Hiki ni kipande cha ncha ya tawi, chenye urefu wa sentimeta 10 hadi 15. Hukatwa kutoka kwenye mwembe mkubwa unaozaa vizuri. Sehemu hizi mbili zikishikana, unapata mche ambao utazaa maembe kama ya mti ule mkubwa. Tena huanza kuzaa mapema kuliko mwembe uliooteshwa kwa kokwa tu.

Kazi ina hatua 6. Kila hatua ina neno lake moja.

1. LINGANISHA. Chagua kikonyo chenye unene sawa na mche wa chini.

2. PASUA. Kata kichwa cha mche wa chini, kiasi cha sentimeta 20 hadi 25 kutoka kwenye udongo. Kisha pasua katikati kwenda chini, sentimeta 3 hadi 4.

3. CHONGA. Chonga upande wa chini wa kikonyo, pande mbili, kiwe kama kabari. Urefu wa kabari uwe sawa na urefu wa mpasuo.

4. CHOMEKA. Ingiza kabari katika mpasuo. Chini ya gome kuna ngozi nyembamba ya kijani. Kijani kiguse kijani. Kama kikonyo ni chembamba kidogo, kipeleke upande mmoja ili kijani kigusane angalau upande huo.

5. FUNGA. Zungusha utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu. Kaza, ili maji na hewa visiingie.

6. FUNIKA. Kivishe kikonyo kimfuko chepesi cha nailoni ili kisikauke. Weka mche kivulini.

Hizo ndizo hatua zote. Ukizisoma, zinaonekana rahisi. Lakini kabari iliyonyooka haipatikani kwa kusoma. Hupatikana baada ya kuchonga mara nyingi. Basi tutawafundishaje watu 60?

HATUA 4 ZA KUFUNDISHA KAZI

Swali hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilihitaji meli nyingi kwa haraka. Watu wengi wasiojua kazi walipaswa kufundishwa ufundi wa kuunda meli. Mtu mmoja aitwaye Charles Allen alishughulika na mafunzo hayo. Mwaka 1919 alitoa kitabu juu ya kufundisha kazi. Aligawa ufundishaji katika hatua 4: kuandaa, kuonyesha, kutendesha na kupima. Katika Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walitumia tena njia ya namna hiyo kufundishia wafanyakazi wa viwandani.

Sisi hatuundi meli. Lakini hatua hizo 4 zinatufaa hata chini ya mwembe.

Hatua ya kwanza: Kuandaa

Siku moja kabla ya darasa, waite watu 10. Hao watakuwa viongozi wa vikundi. Si lazima wawe waliosoma sana. Chagua watu wenye subira na wasiopenda kujionyesha. Changanya wanawake na wanaume, vijana na wazee. Wafundishe hao kwanza. Kila mmoja achonge kabari 10 kabla ya kwenda nyumbani.

Andaa matawi membamba ya mwembe yaliyopunguzwa. Haya ni ya mazoezi. Usianze kufundisha kwa kukata miche yenyewe. Mche umelelewa na kumwagiliwa kwa miezi mingi. Tawi la mazoezi likiharibika, hakuna hasara. Mche ukiharibika, kazi ya miezi imepotea.

Andika zile hatua 6 kwa maandishi makubwa juu ya ubao au karatasi pana. Noa visu vyote 10. Kisu butu kinahitaji nguvu nyingi, na mkono ukitumia nguvu nyingi huteleza. Hivyo kisu butu hukata watu kuliko kisu kikali.

Hatua ya pili: Kuonyesha

Tawi la mwembe ni jembamba. Mtu aliye nyuma haoni kitu. Kwa hiyo onyesha kwanza kwa kitu kinene. Chukua mti mnene wa muhogo, au kipande cha mgomba. Pasua na chonga mbele ya watu wote. Sasa hata mtu wa nyuma ataona mpasuo na kabari. Kisha zungusha tawi halisi lililochongwa vizuri, watu walishike.

Onyesha mara 3. Mara ya kwanza fanya polepole bila kusema neno. Watu watazame tu. Mara ya pili fanya huku ukitaja neno la kila hatua. Mara ya tatu wanafunzi ndio wataje, nawe ufanye wanayosema. Wakikosea, simama uulize, "Baada ya kupasua ni nini?" Hapo utajua nani ameshika na nani bado.

Usisimame ukiwatazama wanafunzi uso kwa uso muda wote. Ukifanya hivyo, mkono wako wa kulia wanauona upande wa kushoto kwao. Geuka, wakutazame kutoka ubavuni au nyuma ya bega.

Eleza pia sababu. Usiseme tu, "Funga kwa kukaza." Sema, "Funga kwa kukaza, maana maji yakiingia kidonda kitaoza." Mtu anayejua sababu hata akisahau neno, atakumbuka kazi.

Hatua ya tatu: Kutendesha

Sasa gawa darasa. Watu 60 katika vikundi 10. Kila kikundi watu 6, kiongozi akiwa mmoja wao. Kila kikundi kisu kimoja. Tazama hesabu inavyobadilika. Dakika zile zile 120, gawanya kwa watu 6. Kila mtu sasa anakishika kisu kwa dakika 20, si 2. Mwalimu ni yule yule, visu ni vile vile, na muda ni ule ule. Kilichobadilika ni mpango tu.

Katika kikundi, hakuna mtu wa kukaa bure. Mmoja anachonga. Mmoja anasoma hatua kwa sauti kutoka kwenye karatasi. Mmoja anakagua kazi. Mmoja anachagua vikonyo vinavyolingana. Mmoja anakata tepe. Kiongozi anasimamia kisu na usalama. Baada ya dakika 20, wanabadilishana. Kiongozi naye huchonga zamu yake ikifika, na mwenzake husimamia. Mwisho wa saa mbili kila mtu amesikia, ameona, amesoma au amesomewa, na ametenda.

Hapa msomaji mpya ana kazi ya heshima. Wewe uliyejifunza kusoma juzi, usijifiche. Soma zile hatua 6 kwa sauti, hata kama unasoma polepole. Mchongaji naye anafanya polepole. Kasi yenu italingana. Na yule ambaye bado hajui kusoma, zamu yake ya kusoma ikifika, ataje hatua kwa kichwa, na mwenzake afuate kwenye karatasi. Atakuwa anajifunza kazi na maandishi kwa pamoja.

Kukagua ni rahisi. Shika kikonyo kilichochomekwa, kielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati ya kikonyo na mche, kabari haijanyooka. Chonga tena. Mkaguzi asiseme, "Umekosea." Aseme, "Mwanga unapita hapa." Mchongaji ataona mwenyewe, wala hataona haya.

Yule anayeshika haraka usimwache akae bure, wala usimwache achonge peke yake kila mara. Mwambie amweleze mwenzake. Mtu anapoeleza jambo, hulielewa zaidi. Lakini asimnyang'anye mwenzake kisu. Weka sheria hii: anayefundisha hutumia mdomo, anayejifunza ndiye hushika kisu.

Mwalimu afanye nini wakati huo? Asikae chini. Apite kutoka kikundi hadi kikundi. Atumie dakika 10 kwa kila kikundi. Kwa vikundi 10, hizo ni dakika 100. Dakika 20 zinazobaki azitumie kwa kikundi chenye shida.

Hatua ya nne: Kupima

Usipime kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Watu wazima wana adabu, watajibu ndiyo. Pima kwa kazi. Kila mtu achonge kabari 3 mfululizo zisizopitisha mwanga. Akiweza, apewe miche halisi 3 abebeshe. Asipoweza, aendelee na matawi ya mazoezi. Hajashindwa. Anahitaji matawi zaidi.

MTI NDIO MSAHIHISHAJI

Funga kibandiko chenye jina juu ya kila mche. Mtu ajiandikie jina lake mwenyewe. Kisha ngojeni wiki 3 hadi 4. Kikonyo kilichoshika huchipua. Kilichokauka hugeuka rangi na kuwa cheusi. Hakuna upendeleo. Mti hausahihishi kwa kutazama sura.

Siku hiyo lazima darasa likutane tena. Mafunzo mengi huishia siku ya kwanza, na hapo ndipo hasara huanza. Hesabuni pamoja. Tuseme kikundi kilibebesha miche 30, na 21 imeshika. Hiyo ni miche 7 katika kila 10. Miche 9 imekufa. Sasa fungueni ile 9 mtazame. Kama kidonda kimeoza, maji yaliingia, maana utepe ulilegea. Kama kabari haikugusana na mpasuo, kuchonga kulikuwa kubaya. Kama kikonyo kilinyauka kabla ya kushika, pengine kilikaa juani muda mrefu baada ya kukatwa.

Mche uliokufa ukifunguliwa hufundisha. Mche uliokufa ukitupwa haufundishi kitu. Tena mtu ambaye miche yake imekufa, sasa anajua sababu. Hasemi tena, "Sina mkono." Anasema, "Utepe wangu ulilegea." Utepe unaweza kukazwa kesho.

NJIA HII SI NGENI KWETU

Huenda utasema, "Njia hii ni ya wageni." La, ndugu. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilidumu wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kujifunza. Walisikiliza redio pamoja. Kiongozi wa kikundi alisoma kitabu kwa sauti. Kisha walizungumza. Baadaye walishika majembe wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Walisikia, walisoma, walisema na walitenda. Hakuna aliyeulizwa kama yeye ni mtu wa sikio au wa mkono.

Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mawazo yake yalitoka katika vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia, hasa Sweden. Katika vyuo hivyo watu wazima walikuja kujifunza kazi kama useremala, uashi, ushonaji na kilimo, hata wale ambao shule hawakwenda mbali.

Na mwaka 1989, huko Indonesia, wakulima wa mpunga walianza kujifunza kwa vikundi ndani ya mashamba, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kikundi kilikuwa na watu kama 25. Walikutana kila wiki kwa msimu mzima. Waliwatazama wadudu, waliwahesabu, waliwachora, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Baadaye njia hiyo ilifika Afrika ya Mashariki. Sisi tunaiita shamba darasa.

KAMA WEWE NI MWANAFUNZI

Usimngoje mwalimu akugundue. Darasa likiwa kubwa, mwalimu hawezi kuona kila uso. Fanya haya.

Kama huoni, sema usogezwe mbele. Kama hujashika kisu siku nzima, sema. Hiyo ni haki yako. Kama hukuelewa, uliza, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukifika nyumbani, siku hiyo hiyo mweleze mtu mmoja wa nyumbani kwako ulichojifunza. Mahali utakapokwama wakati wa kueleza, hapo ndipo hujaelewa. Kaulize kesho. Chukua tawi la mwembe uchonge kabari 5 kila jioni kwa wiki moja. Hazigharimu kitu.

Na usijiite mtu wa namna fulani. Usiseme, "Mimi si mtu wa kusoma," wala, "Mimi si mtu wa mikono." Kuna wakati ulikuwa hujui kusoma. Leo umesoma makala haya mpaka hapa. Mkono nao hujifunza kama macho yalivyojifunza herufi. Huanza polepole, hukosea, hurudia, kisha huweza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Usimpangie mtu njia moja ya kujifunza. Kila mtu asikie, aone, asome, atende na aeleze.
- Darasa kubwa ligawe katika vikundi vya watu 6. Fundisha viongozi wa vikundi siku moja kabla.
- Onyesha kwa kitu kikubwa ili walio nyuma waone.
- Anayefundisha hutumia mdomo. Anayejifunza ndiye hushika kisu.
- Pima kwa kazi, si kwa kuuliza "Mmeelewa?"
- Rudini baada ya wiki 3 hadi 4 mtazame matokeo pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mafunzo ya mwisho kijijini kwenu, nani alishika vifaa? Nani alitazama tu? Kwa nini?
2. Darasa lenu lina watu wangapi na vifaa vingapi? Kila mtu anaweza kupata dakika ngapi? Pigeni hesabu.
3. Ni kazi gani nyingine kijijini kwenu mnayoweza kuigawa katika hatua chache, kila hatua neno moja? Iandikeni ubaoni, kisha mmoja wenu aisome kwa sauti.